Msaada Mzuri Ni Ule Unaoweza Kukataliwa

Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ina urefu wa kilomita 251. Rais John Magufuli aliizindua Kondoa tarehe 27 Aprili 2018. Ilijengwa kwa vipande vinne. Dodoma hadi Mayamaya, kilomita 43.65, ni fedha za Serikali ya Tanzania. Mayamaya hadi Mela, kilomita 99.35, na Mela hadi Bonga, kilomita 88.8, ni fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na JICA, shirika la maendeleo la Japani. Kisha Bonga hadi Babati mjini, kilomita 19.2, ni fedha zetu tena. Dereva anayeteremka kutoka Bereko haoni mshono wowote. Lami ni ile ile na matuta ni yale yale. Mimi mshono huo ndio unaonivutia. Ni mahali pachache nchini ambapo mtu anaweza kuweka kidole kwenye ramani na kusema: hapa fedha ya mfadhili imekoma, hapa ya kwetu imeanza.

Vijiweni na magazetini tunabishana kila mwaka kama misaada inatusaidia au inatudumaza. Nadhani swali hilo limeulizwa vibaya, ndiyo maana miaka sitini na ushei baada ya uhuru bado halina jibu. Kuna msaada uliookoa maisha ya watoto wetu, na kuna msaada uliowaondoa watu kwenye malisho yao. Mara nyingine yote miwili ilitoka mfuko mmoja. Kinachoitofautisha si wingi wa fedha wala moyo wa mtoaji. Msimamo wangu ni kwamba msaada humwinua mwananchi pale ambapo yeye mwenyewe, au kiongozi anayewajibika kwake, alikuwa na uwezo wa kweli wa kuukataa au kuugeuza. Pasipo uwezo huo, hata mradi uliofaulu kwa vipimo vya mfadhili unaweza kuwaacha watu pabaya kuliko ulivyowakuta.

Mkoa wa Manyara na majirani zake wana ushahidi wa kutosha. Hatuna haja ya kwenda Haiti kuutafuta. Kuanzia karibu na mwaka 1970, Kanada ilifadhili mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Hanang, upande wa Basotu, yakisimamiwa na shirika letu la umma, NAFCO. Yalifika mashamba saba, kila moja kama ekari 10,000. Kwa macho ya mhandisi ule ulikuwa mradi wa kupigiwa mfano: matrekta yalilima, mashine zilivuna, na sehemu kubwa ya ngano iliyozalishwa nchini ikawa inatoka huko. Lakini tambarare zile hazikuwa pori tupu. Zilikuwa malisho bora ya wafugaji Wabarbaig, na humo mlikuwa na njia za mifugo, visima vya chumvi na makaburi ya wazee wao. Njia zilizibwa na makaburi yakapitiwa na jembe la trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua ushindi huo. Mkate uliliwa Dar es Salaam, hasara ikabaki kwa mtoto wa mfugaji aliyekosa maziwa.

Na Kanada ilipojiondoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, NAFCO haikuweza kuendelea kwa kasi ile. Sehemu kubwa ya msaada ilikuwa imekuja kwa sura ya mashine, vipuri na wataalamu kutoka kwao, na mashine ya kigeni ikikosa kipuri cha kigeni huwa chuma chakavu. Hebu fikiria iwapo Wabarbaig wangekuwa na sauti ya kusema hapana mwaka 1970. Huenda ngano ingelimwa kwenye sehemu ndogo zaidi, njia za mifugo zikaachwa, na wafugaji wakapata maslahi kwenye shamba. Hakuna aliyewauliza kwa sababu hakuna aliyelazimika kuwauliza. Fedha haikuwa yao wala haikupitia mikononi mwa mtu waliyemchagua.

Sasa tazama mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973 kwa fedha za Sweden. Milima ya Kondoa, jirani zetu wa kusini, ilikuwa imeliwa na makorongo kiasi cha kutisha. Makinga maji na upandaji wa miti havikutosha, ndipo mwaka 1979 likatoka agizo: mifugo yote iondoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, makumi ya maelfu yao, walihamishwa. Ardhi ilipona, na hilo lazima tuliseme kwa haki; majani yalirudi na makorongo mengi yakapata miti. Lakini familia zilipoteza maziwa, samadi na akiba yao ya siku ya shida kwa mkupuo, na mzigo wa mifugo ile ukahamia kwenye ardhi ya wengine. Ufugaji wa ndani wa ng'ombe wachache wa maziwa uliruhusiwa miaka kama kumi baadaye. Ningependa kumuuliza aliyepanga: kama ng'ombe wa zizini waliwezekana mwaka 1989, kwa nini hawakuwezekana mwaka 1979? Jibu ni kwamba kipimo cha mradi kilikuwa udongo. Mtu hakuwemo kwenye fomu.

Mfadhili yule yule, Sweden, ndiye aliyekuwa nyuma ya jambo jema kuliko yote lililofanywa na fedha za nje katika Wilaya ya Babati. Msitu wa Duru-Haitemba, miombo ya kama hekta 9,000 kusini-magharibi ya mji, ulikuwa karibu kutangazwa hifadhi ya serikali. Wanakijiji wa vijiji vinane vinavyouzunguka walipoona mipaka inapimwa, wengi walikimbilia kukata wanachoweza kabla hakijawa cha serikali. Waligoma waziwazi. Kilichofuata ni cha ajabu kwa viwango vya miaka ile: badala ya kuleta askari, mradi wa Sweden na wilaya walikaa chini na vijiji. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 kila kijiji kilikuwa na sehemu yake ya msitu, kamati yake, sheria zake ndogo na walinzi wake vijana, bila mishahara ya serikali. Ukataji ovyo ulipungua. Mfano huo ulikuwa miongoni mwa iliyozaa Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo leo inaviruhusu vijiji kote nchini kumiliki misitu yao. Mfuko ulikuwa ule ule na wataalamu ni wa aina ile ile. Tofauti na Kondoa ni kwamba safari hii watu walikataa, na kukataa kwao kukasikilizwa.

Kwa nini uwezo wa kukataa uwe na uzito huo? Jibu limo katika njia ya taarifa. Serikali inapotumia kodi, angalau kwa nadharia, mlipaji anaweza kumuuliza diwani wake kwenye mkutano na kumnyima kura. Fedha ya mfadhili hutoka kwa mlipakodi wa Stockholm au Tokyo ambaye hatakuja Bonga maishani mwake, na humfikia mtu wa Bonga ambaye hana kura Stockholm. Katikati wapo maofisa wa pande mbili, kila mmoja akiandika ripoti kwenda juu. Ripoti hupima kinachoonekana kabla mwaka wa fedha haujafungwa: visima vilivyochimbwa, semina zilizofanyika, watu waliohudhuria. Kama kisima kinatoa maji mwaka wa nne, hakuna sanduku la kujaza. Mtumishi wa halmashauri naye ni binadamu; semina ya mradi ina posho, ukaguzi wa pampu kijijini hauna. Ataelekea wapi? Humo hamna mwizi hata mmoja, na bado kisima kinakauka.

Fedha pia haina alama. Mfadhili akilipia dawa, Hazina inapata nafasi ya kupeleka shilingi yake kwingine, na si lazima huko kwingine kuwe kwa mgonjwa. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja kwamba asilimia 15 ya bajeti zao itakwenda kwenye afya. Tanzania haijafika hapo. Siwezi kusema ni misaada peke yake iliyotufanya tulegee, lakini ahadi ambayo mtu mwingine anaitimizia sehemu haina haraka.

Barabara ile ya Dodoma hadi Babati, inayopita Bonga, ni mfano wa jinsi mtego huu unavyokwepwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 tuna Mfuko wa Barabara, unaolishwa na tozo ya mafuta. Kila kijana wa bodaboda anayejaza lita moja hapo Bonga anachangia matengenezo, awe anajua au hajui. Hivyo lami iliyokopewa nje inatunzwa kwa fedha ya ndani yenye sheria yake, TANROADS, wakala wa barabara, wakiwa na pa kuombea na wananchi wakiwa na wa kumlaumu. Isitoshe, Serikali iliweka fedha zake kwenye vipande vya mwanzo na mwisho. Anayekuja mezani na chakula chake anaweza kubishana juu ya kitakachopikwa. Linganisha na miradi mingapi ya maji iliyokabidhiwa kwa sherehe, pampu ikiwa mpya na jiwe la msingi limeandikwa majina, bila senti moja iliyotengwa kwa ajili ya kipuri cha kwanza kitakachokatika. Baada ya miaka michache jiwe la msingi ndilo lililobaki imara.

Mambo manne yanayosemwa

La kwanza ni kwamba misaada haijatufanyia chochote. Huo ni uvivu wa kusoma. Takwimu za afya za taifa zinaonyesha kwamba mwaka 1999 watoto 147 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2010 walikuwa 81. Mwaka 2022 walikuwa 43. Chanjo, vyandarua vyenye dawa na dawa mseto za malaria zimechangia sana, na sehemu kubwa ya hivyo ililipiwa na fedha za nje. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zimewarudisha shambani na darasani watu ambao mwaka 2000 tungekuwa tumeshawazika. Angalia pia namna vilivyofika. Mpango wa hati punguzo ulioanza mwaka 2004 ulimpa mama mjamzito kikaratasi akiwa kliniki. Yeye akaenda dukani, akaongeza kidogo chake, akachagua chandarua. Angeweza kukiacha. Na vyandarua vingi vya nchi hii vimetoka kiwanda cha A to Z, Arusha, saa chache tu kutoka Babati, hivyo msaada ukazaa pia mishahara. Ni kinyume kabisa na vipuri vya Hanang.

La pili, kwamba misaada ni ya bure. Sehemu kubwa ya barabara tunayoizungumzia ni mkopo wa masharti nafuu, wa muda mrefu, lakini ni mkopo. Mjukuu wa mkulima wa Bonga atakuwa bado ana hisa katika deni la taifa. Siulalamikii, maana ni mkopo uliojenga kitu kinachozalisha. Ninacholalamikia ni desturi ya viongozi wetu kusimama jukwaani na kuwashukuru wafadhili kana kwamba tumepewa sadaka. Anayeshukuru kwa sadaka hajisikii kuwa na haki ya kukagua. Anayelipa deni anayo.

La tatu, kwamba tatizo lote ni wizi. Wizi upo, na sakata la Tegeta Escrow mwaka 2014, lililowafanya wafadhili wazuie karibu dola milioni 500 za bajeti, halijasahaulika. Hata hivyo sehemu kubwa ya fedha hupotea kihalali kabisa: mshauri mwelekezi anayelipwa kwa siku zaidi ya mshahara wa mwezi wa nesi, gari linaloagizwa kwa mtoaji, warsha ya kutathmini warsha. Takukuru hawawezi kumkamata mtu kwa hayo.

La nne ndilo linaloniudhi zaidi: kwamba maskini akipewa fedha mkononi atainywea pombe. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, ilianza mwaka 2000, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini, uliolipa fedha taslimu, ulienea nchi nzima kwa mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wengine. Kabla ya hapo ulifanyiwa majaribio Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na walengwa walilinganishwa na vijiji visivyokuwemo. Familia zilizopata fedha zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zilinunua kuku na mbuzi, na watoto wao walivaa viatu. Malalamiko kwamba mwenyekiti alimwingiza shemeji yake kwenye orodha ni ya kweli mahali pengi na yashughulikiwe. Lakini fedha ikishafika kwa mama, ndiye anayeamua kama leo ni daftari au debe la mahindi, na hatumii siku tatu kwenye semina ya kufundishwa anachokijua.

Mbaazi na mpaka wa msaada

Mkulima wa Bonga ana somo jingine ambalo wataalamu wa misaada hulikwepa. Babati ni nchi ya mbaazi. Kwa miaka mingi watafiti, wengi wakilipwa na wafadhili, wamefanya kazi hapa juu ya mbegu bora na kilimo cha kuchanganya mahindi na mbaazi. Kuanzia mwaka 2012 mradi wa Africa RISING, kwa fedha za Marekani, ulikuwa katika vijiji kadhaa vya wilaya hii. Kazi ilikuwa nzuri na wakulima waliipokea kwa hiari, maana mbegu nzuri huiachi hata mfadhili akiondoka kesho. Mavuno yalipanda. Halafu Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei iliyokuwa imepita shilingi 2,000 kwa kilo mwaka mmoja au miwili nyuma iliporomoka hadi mia kadhaa. Watu waliziacha shambani. Tangazo moja la Delhi lilifuta faida ya miaka ya utafiti, na hapakuwa na mradi wa kulizuia.

Ndiyo maana nasema ustawi wa mkulima haukai mikononi mwa mfadhili hata akiwa mwema namna gani. Nchi tajiri moja inaweza kutupa mbegu kwa mkono wa kulia na kufunga soko kwa mkono wa kushoto, na mara nyingi ni wizara mbili ambazo hazisalimiani. Balozi zetu zingepimwa kwa mikataba ya soko la mbaazi, ufuta na korosho kabla ya kupimwa kwa ahadi za ufadhili, tungekuwa mbali.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya Rais Donald Trump, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Wapo walioshangilia kwamba sasa tutajitegemea. Kujitegemea ninakuunga mkono tangu nilipolisoma Azimio la Arusha shuleni, lakini kujitegemea hakuanzi kwa mgonjwa kuambiwa aliyekuwa akimhudumia ameachishwa kazi wiki iliyopita. Nyerere alipokataa masharti ya Ujerumani Magharibi mwaka 1965 alijua anachokiacha na alichagua mwenyewe. Safari hii sisi hatukukataa, tulikatiwa. Bajeti ya mwaka 2025/26 iliweka tozo mpya kwa ajili ya Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote, jambo ambalo naliunga mkono ingawa lilichelewa. Tangu ahadi ile ya Abuja tulikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kujiandaa.

Yanayopaswa kufanyika hayahitaji mkutano wa kimataifa. Mfadhili apitishe fedha zake kwenye bajeti ya halmashauri, ambako baraza la madiwani linaweza kuzijadili na kuzigeuza, kama ambavyo Mfuko wa Pamoja wa Afya umefanya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Utaratibu wa wananchi kuibua miradi yao, Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao JICA yenyewe imetusaidia kuuboresha, uache kuwa zoezi la kujaza majedwali. Kilichoibuliwa na mtaa kiwe na nguvu ya kuuzuia mradi usioibuliwa na yeyote. Kila kinachojengwa kiwe na chanzo cha matengenezo kilichotajwa kabla utepe haujakatwa, kama lami ilivyo na tozo ya mafuta. Mashine inunuliwe pale ambapo kipuri chake kinapatikana Babati au Arusha. Na dawa za kudumu, zile ambazo mtu akizikosa mwezi mmoja yuko hatarini, zihamie kwenye kodi zetu kwa ratiba iliyoandikwa, asilimia fulani kila mwaka, ili siku nyingine rais wa nchi nyingine asiwe na saini ya kutukatia uhai.

Kwako mkazi wa Bonga, au wa mtaa wowote unaofanana nayo: mradi ukiletwa kwenye mkutano, usianze kwa makofi. Muulize mtendaji nani aliuomba, nani atalipia kipuri cha kwanza, na kitatokea nini mkutano ukisema hapana. Jibu la swali la tatu likiwa ni kwamba uamuzi umeshapita, andikeni pingamizi lenu kwenye muhtasari wa kikao, mlisaini, na nakala mpeni diwani siku hiyo hiyo.